Fremu ya kioo ya vigae: kazi kubwa iko mgongoni

Swali: Habari yako fundi. Tumemaliza kuweka vigae bafuni hapa kwetu Mamboleo, Kisumu, na vipande vingi vimebaki. Natamani kuvitumia kutengeneza fremu ya kioo cha sebuleni, na mambo yakienda vizuri nifanye nyingine ya bafuni. Mwaka jana nilijaribu moja. Seremala aliniungia mbao nne za saipresi, nikabandika kioo na vigae kwa silikoni, kisha nikajaza simiti nyeupe kwenye nafasi. Ilipendeza sana. Baada ya miezi michache ikapasuka kwenye pembe zote nne, vigae viwili vikadondoka, na kioo chenyewe kikaota weusi pembeni. Nilikosea wapi, na nianze vipi upya? Sina mashine, nina mikono na muda wa jioni.

Jibu: Dada yangu, asante kwa kueleza kila hatua, maana kosa linaonekana humo humo kwenye maelezo yako. Ilipendeza, kwa hiyo jicho unalo na mkono unao. Mambo matatu yaliyoharibika yote yalianzia mahali ambapo mgeni wako hatazami: ubao wa nyuma, gundi ya katikati, na unyevu uliopita humo.

Tuanze na nyufa. Saipresi inayouzwa kwenye yadi zetu mara nyingi haijakauka vizuri. Ukishaiingiza nyumbani inaendelea kukauka, na inapokauka hunywea upande wa upana. Urefu haubadiliki sana. Sasa fikiria pembe ambapo mbao mbili zinakutana: hii inanywea kuelekea huku, ile kuelekea kule, na kiungo kinavutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Simiti iliyokauka hainyumbuki, kwa hiyo inapasuka. Ndiyo maana nyufa zako zilikaa kwenye pembe nne. Hata ungenunua gundi ya bei gani, pembe hizo zingefunguka tu.

Weusi wa kioo una historia ndefu kidogo, lakini ukiijua utaelewa kila ninachokuambia mbele. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alipata njia ya kupaka fedha halisi nyuma ya kioo kwa kutumia dawa, na vioo vingi vya kujitazamia bado vinategemea utando huo wa fedha. Ni mwembamba mno, na kinga yake ni rangi iliyopakwa juu yake kwa nyuma. Uso mzima wa mgongo umefunikwa, ila kwenye ukingo uliokatwa fedha iko wazi. Kitu chochote kinachoila fedha huanzia hapo ukingoni na kutambaa kwenda ndani. Kumbuka silikoni uliyotumia: ilinuka siki? Kama ilinuka, ni ile inayotoa asidi inapokauka, na asidi hiyo ndiyo hasa inayoharibu mgongo wa kioo. Ipo silikoni nyingine isiyo na harufu hiyo. Kwenye mkebe huandikwa kwamba ni ya aina isiyo na asidi au inafaa kwa vioo vya kujitazamia. Uliza dukani, na kama muuzaji hajui, soma mkebe mwenyewe. Juu ya hiyo silikoni, ukamwaga simiti yenye maji kando ya kioo. Maji ya simiti ni makali pia. Ukingo ulipigwa mara mbili.

Vigae viwili vilivyodondoka navikisia tu: silikoni huota ngozi juu baada ya dakika chache, na kigae kikibandikwa baada ya hapo kinakaa juu ya ngozi bila kushika. Au mgongo wa kigae ulikuwa na vumbi la msumeno. Futa vipande vyote kwa kitambaa chenye maji na uviache vikauke kabla ya kubandika chochote.

Kwa hiyo safari hii usiunge mbao. Chukua plaiwudi ya milimita 12 na uikate fremu nzima kutoka kwenye ubao mmoja, na tundu katikati, bila kiungo hata kimoja. Plaiwudi imepangwa kwa matabaka ambayo nyuzi zake zinapishana, hili likitaka kunywea lile linalishika, na ndiyo sababu inatulia. Eldoret kuna viwanda vya plaiwudi, huku magharibi bidhaa hiyo haikosi dukani. Kwa kuwa huna mashine, peleka vipimo kwa mafundi wa jua kali pale soko la Kibuye na uwaombe wakukatie tu. Kukata tundu kwa jigso, ule msumeno mdogo wa umeme, ni kazi fupi kwa mwenye nayo. Mwambie atoboe pembe nne za tundu kwanza kwa drili, ndipo aingize msumeno, ili pembe zisichanike.

Vipimo vyenyewe vinatokana na kioo, kwa hiyo nunua kioo kwanza. Tuseme ni cha sentimita 45 kwa 60, unene wa milimita 4. Tundu la mbele lifanye 43 kwa 58, yaani kioo kikikaa nyuma yake, fremu inafunika sentimita moja kila upande. Upana wa fremu ukiwa sentimita 12, ukubwa wa nje unakuwa 67 kwa 82. Kwa nyuma, gundisha vipande vya plaiwudi ya milimita 6 kuzunguka mahali pa kioo, uache nafasi ya milimita mbili hadi tatu kati yao na ukingo wa kioo. Hilo ni sanduku la kioo. Kitalala humo, kitafunikwa kwa plaiwudi nyembamba iliyofungwa kwa skrubu ndogo, na hakitagusana na gundi wala simiti. Siku kikivunjika, unafungua skrubu, unaweka kingine, na vigae vyako havijaguswa. Watu wengi hubandika kioo juu ya ubao mzima kisha wakazungusha vigae, kwa sababu ni rahisi. Mimi siipendi njia hiyo hata kidogo. Kioo ndicho kitu cha kwanza kuharibika kwenye kazi hii, na hukifanyi mfungwa wa vigae ulivyovihangaikia.

Hapa pana jambo dogo ambalo karibu kila mtu analisahau. Shika kipande cha kioo, kiegemeze nyuma ya tundu la plaiwudi, halafu tazama kutoka pembeni. Utaona unene wa plaiwudi mara mbili: mara moja wenyewe na mara ya pili ndani ya kioo. Mistari ya matabaka, alama za msumeno, tone la gundi lililochuruzika, vyote vinaonekana, tena kwa pande zote mbili. Piga msasa ukingo huo wa ndani mpaka uwe laini, kisha upake rangi mapema. Rangi nyeusi au ya kijivu inayokaribiana na simiti ya kujazia hufanya kazi nzuri. Geuza na nyuma pia: ile sentimita moja inayofunika kioo, mgongo wake unaonekana kwenye kioo ukitazama kwa mshazari. Upake nao.

Baada ya hapo funga ubao usinywe maji. Kwa fremu ya sebuleni, gundi nyeupe ya mbao inatosha: sehemu moja ya gundi kwa sehemu nne za maji, paka mbele, nyuma na kingo zote. Msiniulize kwa nini nyuma, wakati hakuna kinachobandikwa huko: ubao ukilowa upande mmoja na upande mwingine ukabaki mkavu, unapinda, na ubao uliopinda unang'oa vigae. Gundi hiyo ikishakauka, kwaruza uso wa mbele kwa msasa mkavu ili gundi ipate pa kushika. Usipake rangi ya mafuta upande wa vigae. Gundi nyeupe hukauka kwa maji yake kunywewa na mbao, na rangi ya mafuta inaziba njia hiyo.

Sasa vigae. Geuza kipande kimoja kichwa chini na udondoshe tone la maji mgongoni. Likinywewa haraka, na udongo ni mwekundu au wa rangi ya krimu, hicho ni kigae cha ukutani, kinakatika kwa urahisi. Tone likikaa tu juu, na kigae ni kizito na rangi moja ndani na nje, hicho ni cha sakafuni kilichochomwa sana. Ni kigumu na kitakuchosha mkono. Kama una aina zote mbili, cha ukutani kiwe sehemu kubwa ya kazi. Kumbuka pia unene hautalingana, na utalazimika kuinua vile vyembamba kwa gundi zaidi. Pitisha ubao ulionyooka juu ya kazi, usipitishe kiganja.

Usijifunge kwenye vigae pekee. Sahani zilizovunjika za nyumbani ni mali, hasa ule mdomo wenye mistari au maua. Wenzetu wa pwani waliyajua haya zamani sana: kaburi la mnara la Mambrui limepachikwa mabakuli ya kaure kutoka China, na bado watu wanasafiri kwenda kuyatazama. Nanyi huko Nyanza mna kitu ambacho pwani hawana, yaani jiwe la sabuni la Tabaka kule Kisii. Wachongaji hubaki na vipande vingi vidogo. Jiwe hili linakatwa kwa msumeno wa chuma wa mkono, na unaweza kulipa umbo lolote, jani, samaki, duara, kisha ukalizungushia vigae. Lilainishe kwa msasa huku limelowa maji, kama wachongaji wenyewe wanavyofanya, ili usivute vumbi lake. Na kwa kuwa linanyonya rangi, lipake nta kabla hujajaza simiti, la sivyo rangi ya simiti itaingia na haitatoka. Kuhusu vioo vya chupa, ningekuomba uviache kama nyumbani kuna watoto. Vimejikunja, havilali bapa, na ncha zake hukata hata baada ya kusuguliwa.

Kuvunja kuna namna mbili. Ukitaka vipande vya ovyo ovyo, funga kigae ndani ya gunia, uso ukiwa chini, upige mgongo wake kwa nyundo, pigo moja moja, ufungue utazame, upige tena. Ukitaka vipande ulivyovipanga, nunua koleo la kukatia vigae. Siri ya koleo ni kutolilisha sana. Wengi huingiza mdomo wake mpaka katikati ya kigae na kubana kwa nguvu zote, kigae kinasagika. Ingiza milimita nne hivi tu ukingoni, uelekeze mdomo kule unakotaka ufa uende, bana taratibu, na ufa utakimbia wenyewe hadi upande wa pili. Funika kwa mkono wa pili ili kipande kisiruke. Vaa miwani ya kujikinga, vaa viatu, na ukimaliza usifagie tu: futa sakafu kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu vichembe vinavyobaki hukaa wiki nzima vikisubiri nyayo za mtoto.

Usianze kubandika siku hiyo hiyo. Chukua karatasi kubwa, chora fremu kwa ukubwa wake halisi, na upange vipande vyote juu yake vikiwa vikavu. Kingo za kiwandani, zile zilizonyooka na zenye rangi hadi chini, ziweke mahali pawili: kuzunguka tundu la kioo na kuzunguka ukingo wa nje. Vipande vilivyovunjika vikae katikati. Ukifanya hivyo fremu inakuwa na mstari safi ambao jicho linaufuata, na vurugu ya katikati inaonekana ya makusudi. Acha nafasi ya milimita mbili hadi tatu kati ya vipande. Ukivibana sana, simiti haiingii; ukiviachanisha sana, utaona simiti kuliko vigae. Acha ipite usiku, uitazame asubuhi kwa mwanga wa dirishani. Mara nyingi kuna rangi moja iliyojaa upande mmoja, na jioni hukuiona.

Kubandika sasa ni kazi rahisi. Gundi nyeupe ya mbao, ipakwe mgongoni mwa kigae chote, si matone. Anza na mstari wa kuzunguka tundu, kisha wa nje, kisha jaza. Gundi ikifurika juu kati ya vipande, itoe kwa kijiti kabla haijakauka, kwa sababu hapo ndipo simiti inapotakiwa kukaa. Fremu ilale bapa mezani, usiisimamishe. Iache siku moja nzima, na kama ni kipindi cha mvua za masika, Kisumu ilivyo na hewa nzito ya ziwa, iache siku mbili. Gonga kila kipande kwa ukucha. Kinachotoa sauti ya uwazi, king'oe ukibandike upya leo; kukitoa baada ya simiti ni mateso.

Simiti nyeupe peke yake uliyotumia hunywea na kutoa nyufa nyembamba kwenye nafasi pana. Nunua grauti ya dukani, ule unga wa kujazia nafasi kati ya vigae. Nafasi zikiwa chini ya milimita 3, chukua isiyo na mchanga. Zikiwa pana zaidi, yenye mchanga laini. Rangi ni uamuzi wako, lakini nikuambie ninavyoamini: nyeupe inafifisha vigae vya rangi, kijivu kilichokolea kinavifanya ving'ae. Na kama vigae vyako ni vya krimu au kijani, jaribu kuchanganya grauti na oksidi nyekundu, ile inayotumika kwenye sakafu za simiti. Kiasi kidogo, sehemu moja kwa ishirini ya uzito, na uichanganye ikiwa kavu kabla ya maji. Fanya jaribio kwenye kipande cha pembeni, likauke, ndipo uamue, kwa sababu ikilowa inaonekana imekolea kuliko itakavyokuwa.

Tia maji kidogo kidogo mpaka ikae kama ugali laini wa mtoto: ukiinua kwa mwiko inashikana, haichuruziki. Iache dakika tano au kumi, ikoroge tena, usiongeze maji. Vaa glavu na barakoa wakati wa unga. Isukume kwa kipande cha mpira, kwa mshazari wa nafasi, ukiikandamiza ishuke hadi chini, na usisahau kuifunga vizuri kwenye ukingo wa nje na wa ndani ambako ncha za vigae ziko wazi. Baada ya dakika ishirini au thelathini, ikianza kushika, futa kwa sponji iliyokamuliwa kabisa. Sponji yenye maji mengi inachota grauti na kuacha mashimo. Utando mweupe utakaobaki juu ya vigae unautoa baadaye kwa kitambaa kikavu. Yale maji ya ndoo yamwage nje kwenye udongo, kamwe usiyamwage kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba. Na fremu isikae juani. Jua la mchana la Kisumu litaikausha grauti kabla haijapata nguvu, na itakuwa unga. Iweke kivulini, siku mbili tatu.

Kioo kinaingia mwisho kabisa, fremu ikiwa imekauka hadi ndani. Kabla ya hapo, paka kingo zake nne zilizokatwa vanishi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili. Inafunga ule ukingo wa fedha ulio wazi. Kilaze ndani ya sanduku lake, weka vipande vyembamba vya sponji mgongoni ili kisicheze, funga plaiwudi ya nyuma kwa skrubu fupi, na upime urefu wa skrubu kwanza isije ikafika mbele. Siku za kukisafisha, pulizia dawa kwenye kitambaa, usipulizie kwenye kioo, isije ikatiririka na kukaa chini kwenye ukingo.

Ile ya bafuni ifanye baada ya hii, na usiinakili moja kwa moja. Gundi nyeupe ya mbao hulainika ikipata unyevu kila siku, kwa hiyo haifai hapo, wala kwa kubandikia wala kwa kufungia ubao. Tumia plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, praima inayotajwa kwenye mfuko wa gundi ya vigae, na gundi yenyewe iwe ya saruji ya aina inayonyumbuka. Mafundi waliokuwekea bafu huenda wamebakisha. Skrubu ziwe za pua isiyoshika kutu. Na nyuma ya fremu bandika vipande vinne vya mpira vya milimita tano ili hewa ipite kati yake na ukuta. Mvuke ukinaswa hapo, weusi utarudi.

Kutundika kunahitaji hesabu. Kioo cha ukubwa huu kina kilo 2.7 hivi, vigae karibu kilo 5, na ukijumlisha mbao, gundi na grauti unafika kama kilo 13. Msumari uliopigwa kwenye plasta haubebi hilo. Mwambie seremala akupasulie ubao mmoja kwa mshazari wa digrii 45, upate vipande viwili vinavyolaliana: kimoja unakifunga kwa skrubu na gundi juu mgongoni mwa fremu, mshazari ukitazama chini na kuelekea fremu, cha pili ukutani, mshazari ukitazama juu na kuelekea ukuta. Fremu inashuka juu yake na uzito wake wenyewe unaivuta ukutani. Kipande cha ukutani kiwe na skrubu tatu za inchi mbili na nusu au zaidi, zenye plagi za ukutani, zilizopita plasta na kuingia ndani ya jiwe au tofali lenyewe. Ukitoboa na vumbi likabaki la kijivu laini tu, bado uko kwenye plasta, endelea. Ukuta ukiwa wa udongo, tafuta nguzo na ufunge hapo. Kabla ya kuweka fremu, shika kile kipande cha ukutani kwa mikono miwili, ukivute chini kwa nguvu zako zote. Kikicheza hata kidogo, hamisha matundu.